Theluji Katika Nchi Isiyoizoea: Mfano wa Uingereza

Mwanafunzi anayefungua ramani ya dunia ataona kwamba jiji la London liko kwenye latitudo ya digrii 51 na nusu kaskazini mwa ikweta. Akiufuata mstari huo kwa kidole kuelekea mashariki, atapita karibu na mji wa Irkutsk, katika Siberia. Akielekea magharibi atavuka bahari ya Atlantiki na kufika Labrador, nchini Kanada. Huko Irkutsk wastani wa halijoto katika mwezi wa Januari ni kiasi cha nyuzi 18 za Sentigredi chini ya sifuri, ilhali London, katika mwezi huohuo, ni nyuzi 5 hivi juu ya sifuri. Jua linaloangaza miji hiyo ni moja, na urefu wa mchana wao unakaribiana. Basi tofauti hii ya nyuzi zaidi ya 20 yatoka wapi?

Yatoka baharini, lakini kwa njia ya upepo. Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole: ili kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja huhitajika nishati mara nne hivi ya ile inayohitajika kwa kilo moja ya hewa. Bahari ya Atlantiki huhifadhi joto la kiangazi, na mikondo yake huleta maji ya vuguvugu kutoka kusini. Pepo za magharibi, ambazo ndizo zivumazo mara nyingi zaidi, hulichukua joto hilo na kulifikisha Uingereza. Labrador nayo iko kando ya bahari hiyohiyo, lakini pepo zake za majira ya baridi hutoka bara, juu ya nchi iliyokwisha kuganda. Kuwa karibu na bahari pekee hakutoshi. Lazima upepo utoke huko.

Ni rahisi sasa kufahamu jinsi theluji nzito inavyofika Uingereza. Mara chache eneo la kanieneo kubwa hujikita juu ya Skandinavia au Urusi na kuzizuia pepo za magharibi. Hewa hugeuka ikaja kutoka mashariki, kavu na baridi, ikanyonya unyevu kidogo katika Bahari ya Kaskazini, na kuumwaga kama theluji. Mwaka 1947 hali hiyo ilianza tarehe 22 Januari ikaendelea hadi katikati ya Machi. Migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imetaifishwa tarehe 1 Januari mwaka huohuo, na akiba ilikuwa ndogo. Treni za makaa zikakwama thelujini, viwanda vingi vikafungwa, na majumba yakakatiwa umeme kwa saa kadhaa kila mchana. Theluji ilipoyeyuka yakafuata mafuriko makubwa. Mwaka 1963 wastani wa Januari katika eneo la kati la England ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri, na bahari yenyewe iliganda mahali mahali katika pwani ya Kent. Kumbukumbu za halijoto za eneo hilo zinaanzia mwaka 1659, nazo ndizo ndefu kuliko zote duniani zilizotokana na vipimo vya vyombo. Kutokana nazo twajua kwamba Desemba 2010 ilikuwa na baridi kuliko Desemba yoyote iliyotangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi huko Desemba hiyo. Kilichomshangaza si baridi, bali kuona nchi yenye viwanda na elimu kubwa namna ile ikisimama kwa theluji isiyofika magotini. Tarehe 18 uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa, na siku kadhaa zikapita kabla safari hazijarudia hali ya kawaida. Magazeti yalijaa kejeli: mbona Finland hawashindwi? Swali hilo lina haki yake, lakini linapuuza mambo mawili, moja la kifizikia na jingine la hesabu.

Tuanze na fizikia. Theluji ya Siberia ni kavu kama unga, nayo hubaki ilivyo kwa miezi. Theluji ya Uingereza huanguka halijoto ikiwa karibu sana na sifuri: mchana huyeyuka, usiku huganda tena na kuwa barafu. Barafu iliyo karibu na sifuri huwa na utando mwembamba wa maji juu yake, na kwa gurudumu la gari huteleza zaidi kuliko barafu kavu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo si kweli kwamba baridi ndogo ni tatizo dogo.

Silaha kuu dhidi ya barafu ya barabarani ni chumvi ya mwamba, ambayo nyingi huchimbwa Winsford, katika jimbo la Cheshire, kwenye mgodi ulioanza kazi mwaka 1844. Malori huimwaga jioni, kabla baridi haijashuka, kwa kiasi cha gramu 10 hadi 20 kwa kila mita ya mraba. Wengi hudhani kwamba chumvi hiyo huyeyusha theluji yote. Hebu tupige hesabu. Theluji mpya yenye kina cha sentimita 1 huwa na maji ya kiasi cha kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Gramu 20 za chumvi ya kawaida ni moli 0.34, kila moli hugawanyika kuwa ioni za sodiamu na za kloridi, na kila moli ya ioni katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kugandia kwa nyuzi 1.86. Tukizidisha tunapata nyuzi 1.3 tu. Theluji ikiwa na kina cha sentimita 10, chumvi hiyohiyo itashusha kiwango hicho kwa sehemu moja tu ya kumi ya hapo. Kazi yake ya kweli, basi, ni kuizuia barafu isishikamane na lami, ili magurudumu yaivunje na majembe ya malori yaikwangue kwa urahisi. Ikichelewa kumwagwa, nusu ya faida yake imekwisha potea.

Mwalimu mwenye jokofu shuleni anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Ponda barafu, ijaze katika bilauri, soma kipimajoto. Kisha changanya na chumvi ya mezani, kiasi cha sehemu moja kwa sehemu tatu za barafu. Kipimajoto kitashuka chini ya sifuri, kwa sababu barafu inayoyeyuka hunyonya joto fiche, kilojuli 334 kwa kila kilo, kutoka katika mchanganyiko wenyewe. Chumvi na maji haviwezi kupita nyuzi 21 chini ya sifuri. Na barabarani, ambako chumvi ni chache, msaada wake huwa hafifu mapema zaidi, hata ikifika nyuzi 8 au 10 tu.

Usiku gani malori yatoke? Wakulima wa chai wa Limuru na wa viazi huko Makete watalielewa swali hili, kwani wanajua kwamba sakitu hushuka usiku mtulivu usio na mawingu, ambapo ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Lami nayo huweza kuwa chini ya sifuri wakati hewa iliyo juu yake bado haijafika hapo. Kwa hiyo vipimajoto hufukiwa ndani ya barabara zenyewe.

Sasa hesabu. Baada ya majira ya baridi ya 2009 hadi 2010, ambapo chumvi ilipungua hata serikali ikalazimika kuamua ni halmashauri zipi zipelekewe kwanza, David Quarmby aliongoza uchunguzi rasmi. Wataalamu wa hali ya hewa walikadiria kwamba uwezekano wa majira ya baridi kuwa makali ni kama 1 katika 20 kila mwaka, na kwamba kupatwa miaka miwili mfululizo hakubadilishi uwezekano wa mwaka wa tatu. Gari la kukwangua theluji ambalo Helsinki hufanya kazi kila wiki lingekaa bandani miaka mingi kusini mwa England, likipata kutu. Kwa maoni yangu, kuweka akiba ya chumvi na kukubali kwamba katika siku chache shughuli zitasimama ni uamuzi wa busara. Hata mkasa wa reli wa Februari 1991 ni wa namna hiyo: theluji ilikuwa kavu na laini kuliko kawaida, ikavutwa na feni za kupozea mota za treni, ikayeyuka ndani na kuharibu umeme. Wananchi walicheka sana waliposikia kwamba shirika linailaumu aina ya theluji, lakini maelezo yalikuwa sahihi.

Nyumba ni habari nyingine, na hapo sioni udhuru. Maji yanapoganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bomba lisilokingwa hupasuka. Ufa hujulikana barafu inapoyeyuka. Machi 2018, baada ya wiki ya pepo za mashariki, zaidi ya nyumba 200,000 zilikosa maji kwa zaidi ya saa nne. Tangu 2005 kanuni za ujenzi ziliagiza boila zinazookoa gesi, ambazo hutoa maji kidogo kupitia kibomba cha nje. Kibomba kikiganda, boila hujizima, na familia hukosa joto siku ileile inapolihitaji kuliko siku zote.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha jambo la kusikitisha: halijoto iliposhuka kwa kiasi kilekile, vifo viliongezeka zaidi katika sehemu zenye majira ya baridi mapole, kama London na Athens, kuliko Finland. Watu wa sehemu hizo walikuwa na vyumba vyenye baridi zaidi, na nje walivaa nguo chache zaidi. Baridi hubana mishipa ya ngozi, shinikizo la damu hupanda, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Hivyo wazee hufa kwa moyo na kiharusi, si kwa kugandishwa na theluji. Vifo vingi vya namna hii hutokea katika siku za baridi ya wastani, ambazo ni nyingi. Katika England na Wales serikali huwalipa watu wa kipato kidogo paundi 25 za kupashia nyumba joto, lakini ni pale tu wastani wa siku saba mfululizo unapofika sifuri au chini yake. Wiki yenye wastani wa nyuzi 3 haimpatii mzee kitu.