Maana ya Kipimo cha Akili

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za kipimo cha akili, kwamba mtoto fulani ana alama 90 na mwenziwe ana 120. Wengine hudhani ya kuwa akili hupimwa kama mahindi yapimwavyo kwa pishi, na kwamba mtoto akiisha kupimwa, mambo yake yamekwisha. Twaona yafaa tueleze asili ya kipimo hiki na maana ya hesabu yake, kwa sababu mzazi au mwalimu asiyeifahamu aweza kumharibia mtoto maisha yake.

Kipimo hiki kilianza Ufaransa. Katika mwaka 1904 Serikali ya nchi ile iliweka baraza la kutafuta njia ya kuwatambua watoto walioshindwa na masomo ya kawaida, ili wapewe mafundisho ya kuwafaa. Bwana Alfred Binet na mwenziwe, Daktari Théodore Simon, walitoa kipimo chao mwaka 1905, chenye majaribio 30. Mtoto aliambiwa ataje vitu alivyoviona katika picha, arudie tarakimu alizosomewa, alinganishe uzito wa vitu viwili, na mengine kama hayo. Kusudi lilikuwa kumsaidia mtoto, wala si kumfukuza.

Mwaka 1908 maswali yalipangwa kwa umri. Kisha Bwana William Stern wa Ujerumani alitoa shauri, mwaka 1912, kwamba umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa; na Bwana Lewis Terman wa Marekani, mwaka 1916, akazidisha jawabu kwa 100. Mfano wake ni huu: mtoto wa miaka 8 akijibu kama watoto wa miaka 10, hesabu yake ni 125, na mtoto wa miaka 10 akijibu kama wa miaka 8, yake ni 80.

Lakini hesabu hiyo haikuwafaa watu wazima, maana mtu wa miaka 40 hajibu maradufu ya mtu wa miaka 20. Basi Bwana David Wechsler, katika mwaka 1939, alileta njia inayotumika hata leo. Mtu hulinganishwa na watu wa umri wake, na alama ya katikati huwekwa kuwa 100. Katika kila watu 100, kama 68 huwa kati ya 85 na 115, na kama 95 huwa kati ya 70 na 130. Kwa hiyo alama ni nafasi ya mtu katika safu ya wenziwe, wala si kiasi cha akili iliyomo kichwani. Mwenye 140 hana akili mara mbili ya mwenye 70. Tena mtoto yule yule akipimwa siku nyingine huweza kupata alama chache zaidi au pungufu. Kwa hiyo 98 na 102 si tofauti ya kugombania.

Yako mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, kipimo hupima pamoja na akili yale mtu aliyoyazoea. Mwaka 1979 Bwana Robert Serpell alieleza jinsi watoto wa Zambia na wa Uingereza walivyotakiwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Uingereza walishinda. Kwa waya, wa Zambia walishinda, maana wamezoea kuunda vigari vya waya. Kwa udongo walikuwa sawasawa.

Pili, alama hubadilika. Huko Embu, nchi ya Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama nyingi sana kuliko wale wa 1984. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Wachunguzi walitaja chakula bora na elimu ya wazazi kuwa miongoni mwa sababu.

Tatu, kipimo hakitoi hukumu juu ya makabila na mataifa. Katika vita ya mwaka 1917 askari wa Marekani zaidi ya milioni moja walipimwa, na Bwana Carl Brigham aliandika kitabu mwaka 1923 akiwadharau watu wa mataifa mengine kwa alama zile. Mwaka 1930 yeye mwenyewe alikiri kwamba maneno yake hayakuwa na msingi. Lakini madhara yalikwisha kuenea.

Hatusemi kwamba kipimo ni bure. Kikitumiwa na mtu aliyefundishwa, katika lugha aijuayo mtoto, chaweza kuonyesha ni nani ahitajiye msaada, nacho hubashiri kwa kiasi maendeleo yake shuleni. Lakini hakipimi bidii, wala uaminifu, wala busara ya kupatanisha watu barazani.

Basi, waalimu na wazazi, mkiletewa alama ndogo ya mtoto, msimwambie kwamba hana akili. Ulizeni kwanza: je, amekula? Aona na kusikia vema? Aliulizwa kwa lugha gani? Kisha mfundisheni. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.