Sura ya Saba: Ari ya Mkimbiaji katika Wiki za Kilomita Nyingi

Kujenga mileji, yaani kuongeza taratibu jumla ya kilomita ambazo mkimbiaji hukimbia kila wiki katika miezi ya kujiandaa kwa marathoni, ni sehemu ya mazoezi yenye faida kubwa na starehe ndogo. Faida yake hujengeka ndani kwa ndani: kapilari, ile mishipa myembamba kabisa inayofikisha damu kwenye misuli, huongezeka, mitokondria, sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nishati, huzidi kwa wingi, na mwili hujifunza kutumia mafuta zaidi ili uokoe glaikojeni, akiba ya wanga iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Mabadiliko hayo huchukua wiki nyingi wala saa ya mkononi haiyaonyeshi, kwa hiyo hufika wakati ambapo miguu imechoka, kasi ni ile ile ya mwezi uliopita, na mkimbiaji anaanza kujiuliza anahangaikia nini. Hoja ya sura hii ni kwamba ari ya kuuvuka wakati huo hutokana na mpangilio wa siku kuliko ukakamavu wa moyo, na kwamba pale mpangilio unapokuwa mzuri lakini hamu ikatoweka, wa kuulizwa ni mwili.

Kericho, magharibi mwa Kenya, ina nafasi yake katika historia ya kujenga mileji, ingawa haisemwi mara nyingi. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa huko, alipata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, na aliyemtangulia kwa dhahabu alikuwa Peter Snell wa New Zealand. Snell alifundishwa na Arthur Lydiard, kocha aliyewataka wakimbiaji wake wote, hata wa mita 800, wakimbie kama maili 100, yaani kilomita 160, kwa wiki katika kipindi cha kujenga msingi. Wengi walimwona Lydiard kuwa amepotoka, kwa kuwa haikueleweka mbio za chini ya dakika mbili zilihitaji nini na kilomita zote hizo, lakini medali zilimaliza ubishi. Jambo lisiloangaliwa sana ni kwamba vijana wake walikimbia kwa kundi, juu ya vilima vile vile, siku ile ile ya wiki, hata swali la kukimbia au kutokimbia likawa halina nafasi ya kuulizwa.

Katika Sosiot, mji mdogo wa Belgut huko huko Kericho, uliozungukwa na mashamba ya majani chai, mazingira yenyewe husaidia mpangilio wa namna hiyo na pia huuwekea mipaka. Kwa kuwa eneo liko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na mkimbiaji hahitaji kubadilisha ratiba kwa majira kama wenzake wa Ulaya, ambao Desemba huwalazimu kukimbia gizani. Mchana ni habari nyingine. Pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko na kukutana na zile za mashariki, na matokeo yake ni ngurumo na mvua za alasiri, mara nyingi mvua ya mawe, ambayo huipiga Kericho na Nandi kuliko karibu sehemu yoyote nyingine duniani. Anayetegemea mazoezi ya saa kumi jioni ili akamilishe kilomita zake atakosa siku nyingi, na kila siku anayokosa humwachia deni la kumsumbua kesho yake. Ndiyo maana mbio za alfajiri, wakati ng'ombe wanakamuliwa na bodaboda za maziwa ndizo pekee zilizoko kwenye barabara ya changarawe, zinapaswa kubeba sehemu kubwa ya mileji, na zile za jioni zihesabiwe kuwa nyongeza tu. Inafaa kukiri kwamba mpangilio huo ni rahisi kwa kijana asiye na familia kuliko kwa mama ambaye saa hizo hizo anawasha jiko na kuwaandaa watoto kwenda shule; kwake yeye swali la ari ni swali la nani nyumbani atashika kazi hizo kwa saa moja, na kumhimiza ajitume zaidi bila kulijibu ni maneno matupu.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Marekani, katika nadharia yao ya kujiamulia waliyoifafanua kwa kirefu mwaka 1985, wanaeleza kwamba mtu hudumu katika kazi ngumu pale anapoona kuwa ameichagua mwenyewe, kuwa anaiweza, na kuwa ameungana na watu anaowajali. Tuzo za nje, kama fedha, zina nguvu, na katika nchi ambayo ushindi mmoja ughaibuni unaweza kununua shamba ingekuwa unafiki kuzidharau. Lakini zawadi ya mwaka ujao iko mbali mno kumwamsha mtu asubuhi ya Jumanne yenye baridi. Kinachomwamsha ni mwenzake anayemngoja njiani. Kambi ya Kaptagat, ambako mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge alifunzwa kwa miaka mingi na Patrick Sang, imejengwa juu ya ukweli huo: wanariadha hulala pamoja, hugawana zamu za usafi, huenda nyumbani mwishoni mwa wiki, na hukimbia kilomita 200 hadi 220 kwa wiki katika ratiba isiyobadilika sana, ambapo Alhamisi ni siku ya mbio ndefu, wiki hii kilomita 30, wiki ijayo 40. Kipchoge huandika kila zoezi katika daftari, na daftari hilo hutimiza hitaji la pili la Deci na Ryan, lile la kuona kuwa mtu anaiweza kazi yake, kwa sababu huonyesha maendeleo ambayo siku moja moja haiwezi kuyaonyesha.

Hata hivyo daftari lina hatari yake, kwa kuwa huhesabu kilomita bila kupima ubora wake. Mchumaji wa majani chai hulipwa kwa kilo, lakini kituo cha kununulia kinataka majani mawili na chipukizi, na anayejaza kikapu kwa majani magumu ili mizani isome vizuri huyaona yakichambuliwa na kutupwa mezani. Kilomita nazo ziko hivyo. Nyingi kati yake zinapaswa kuwa za polepole, kwa mwendo unaomruhusu mkimbiaji kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na anayezikimbia kwa kasi kwa sababu hapendi kuachwa na kundi, au anayezunguka uwanja usiku ili 97 ziwe 100, anatunza hesabu na kuharibu mazoezi.

Kupotea kwa hamu, basi, kuna maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Uchovu wa akili huisha mkimbiaji anapopasha misuli moto, na baada ya kilomita tatu hukumbuka kwa nini anapenda mchezo huu. Uchovu wa mwili hauondoki: usingizi huvurugika, mapigo ya moyo wakati wa kuamka hupanda, chakula hakivutii, hasira huwa karibu. Chanzo mara nyingi ni chakula kidogo. Mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa wakimbiaji hodari wa Kenya uliokuta kwamba takriban robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye kabohaidreti, hasa ugali na sukari, kwamba chai ya maziwa ilikuwa kinywaji kikuu pamoja na maji, na kwamba nishati waliyokula ilikuwa pungufu kuliko waliyotumia. Wao walistahimili upungufu huo kwa muda, lakini anayefanya kazi shambani kutwa na kukimbia kilomita 120 kwa wiki hawezi kuurithi kama mfano.

Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2 na sekunde 35 huko Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, alikimbia wiki za kilomita 250 na zaidi, na kocha wake Gervais Hakizimana alisema hadharani kwamba alihofia kijana huyo angeumia kwa kutopumzika. Ajali ya gari ilimuua Kiptum Februari 2024, na haikujulikana kama hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Inachoonyesha hofu hiyo ni kwamba kwa wakimbiaji wenye bidii kazi ngumu ya kocha si kuwachochea, ni kuwazuia, na kwamba wiki nyepesi baada ya kila wiki tatu nzito, desturi ya makocha wengi, inapaswa kuandikwa kwenye ratiba tangu mwanzo ili isionekane kuwa kushindwa.

Kwa anayelenga Marathoni ya Nairobi, ambayo hukimbiwa mwishoni mwa Oktoba, wiki nzito huangukia Julai hadi Septemba, kipindi kinachoanza na baridi na mawingu Kericho. Wiki mbili za mwisho kilomita hupunguzwa kwa takriban nusu huku kasi ikibaki, na hapo ndipo wengi hurudiwa na hamu kubwa na kutaka kufidia siku walizokosa. Wasifidie: kilomita zinazoongezwa wakati huo hazina muda wa kugeuka kuwa nguvu, zinakuwa uchovu wa siku ya mashindano.