Vidonge vya Manjano na Mgonjwa Mahututi

Manjano yanayotiwa katika mchuzi au maziwa ya moto ni chakula, na kwa kipimo cha jikoni hayana la kuogofya. Kidonge cha manjano ni kitu kingine. Ndani yake mna kurkumini, kiini kinachoyapa manjano rangi yake. Unga wa kawaida una takriban asilimia 3 tu ya kiini hicho, ilhali kidonge kimoja chaweza kuwa na kiasi kinachozidi cha sufuria nzima ya mchuzi. Mara nyingi huongezwa pia kiini cha pilipili manga, ambacho huweza kubadilisha jinsi mwili unavyozishughulikia dawa nyingine. Nchini Uingereza bidhaa hizi kwa kawaida huuzwa kama chakula, hivyo hazipimwi kama dawa kabla ya kufika dukani.

Jamaa wa mgonjwa mahututi huenda wakaambiwa kwamba vidonge hivi husawazisha homoni. Mzazi amelala hajiwezi, na watoto wanatafuta lolote la kumfanyia, hilo laeleweka. Ni kweli pia kwamba homoni hubadilika katika maradhi mazito: kortisoli hupanda, homoni za tezi ya shingoni hushuka, na insulini hulegea katika kazi yake, hata sukari ikapanda kwa mtu asiye na kisukari. Lakini sehemu ya mabadiliko hayo ni njia ya mwili kujihami. Watafiti wamewajaribia kurkumini baadhi ya wagonjwa hao chini ya uangalizi. Majaribio yamekuwa madogo, na tarakimu ya maabara kubadilika si sawa na mgonjwa kupona.

Madhara, kwa upande wake, yameshuhudiwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wiki chache baada ya kuanza bidhaa ya manjano, kipimo chake cha kuganda damu, ambacho kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilipita 10. Hapo mtu huweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mwaka 2019, nchini Italia, visa kadhaa vya kuvimba ini vilihusishwa na vidonge vya kurkumini.

Wagonjwa mahututi wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo kidonge kisitiwe mdomoni wala katika mrija wa chakula kwa siri, hata kwa nia njema. Ikiwa mgonjwa alikuwa akivitumia nyumbani, muuguzi au mfamasia aambiwe mapema, na chupa yenyewe iletwe ili lebo isomwe. Hakuna atakayelaumiwa. Katika hospitali za umma za Uingereza, mkalimani huombwa bila malipo.