Sura ya 4: Barabara Kabla ya Nyumba

Sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 273,000. Ile ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Katika miaka 55 mji uliongezeka karibu mara 20, na hakuna amri iliyoweza kuwazuia watu kuja, kwa sababu watu hufuata riziki. Kwa hiyo anayepanga mji unaokua hana budi kujiuliza mapema wageni hawa watakaa wapi, watapita wapi na watafanyia wapi kazi.

Mipango yenyewe haikukosekana. Dar es Salaam iliandaliwa mpango kabambe mwaka 1949, ukaja wa 1968, kisha wa 1979. Kilichokosekana ni viwanja vya kutosha vilivyopimwa kwa wakati, na watu wakajenga walipopata.

Tazama shamba la pembezoni linavyogeuka mtaa. Mwenye shamba hulikata vipande vya hatua 20 kwa 20, wanunuzi wakaandikishana naye mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na katikati ikaachwa njia ya kupita watu. Kila anayejenga husogeza ukuta kidogo. Miaka inapita, gari la majitaka halifiki tena chooni, la zimamoto halipiti, na fundi seremala aliyefungua karakana humo ndani analisukuma kabati kwa mkokoteni hadi barabarani. Lori la mbao halimfikii, basi ananunua mbao chache chache kwa bei ya rejareja. Mteja mwenye gari hamwoni. Fundi huyu ana bidii na ujuzi, lakini faida yake inaliwa na uchochoro. Mji wenye maelfu ya mafundi wa namna hii hupoteza ajira na mapato kila siku, bila hasara hiyo kuandikwa popote.

Njia nyingine ipo, na tumewahi kuipita. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa makazi wenye sura mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ardhi ilipimwa kwanza, barabara zikachongwa, mabomba yakalazwa, ndipo watu wakagawiwa viwanja wajenge wenyewe. Manzese, ambako nyumba zilikwishajengwa, huduma ziliingizwa katikati ya nyumba hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mradi huo katika miji 7 ya Tanzania ulikuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana nyumba kubwa zaidi, zilizopangika na zenye ubora zaidi. Ni kweli kwamba wenye uwezo walivutwa huko, lakini walichokifuata ni barabara, maji na uhakika wa mipaka. Leo Sinza, mwenye nyumba anajenga fremu za maduka mbele ya kiwanja chake na wapangaji wanapatikana, kwa sababu gari linafika mlangoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja Mradi wa Viwanja 20,000, uliofika Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko. Ulionyesha kwamba upimaji unaweza kujilipia wenyewe, kwani fedha zilirudi kupitia mauzo ya viwanja. Kasoro yake ni kwamba viwanja vingi vilikuwa vikubwa, mbali na kazi, na huduma zikachelewa. Mtu wa kipato cha chini anahitaji kiwanja kidogo, karibu na usafiri wa umma na soko. Akikikosa, atarudi kwa mwenye shamba.

Halmashauri isiyo na fedha za lami leo inaweza kabisa kutenga njia ya lami ya kesho, pamoja na mkondo wa maji ya mvua, eneo la shule na uwanja wa soko. Kuweka bikoni za mipaka kwenye shamba tupu ni kazi ya siku chache. Kuipasua barabara baada ya nyumba kusimama ni fidia, kesi na machozi. Nawe unayetafuta kiwanja Chanika, Kigamboni au Mkuranga, usitoe fedha kabla hujaoneshwa barabara kwenye ramani ya mipango miji na kuikanyaga kwa miguu yako.