Umeme wa Moyo na Mapigo Yasiyo ya Kawaida

Moyo wa chura uliotolewa mwilini na kuwekwa kwenye mmumunyo wa chumvi unaofaa huendelea kupiga kwa muda. Ukijua sababu, umeshaielewa nusu ya mada hii: misuli ya moyo hujianzishia mapigo yenyewe. Neva na homoni hubadilisha kasi tu. Neva ya vagasi huipunguza, adrenalini huiongeza. Watahiniwa wengi huandika kuwa ubongo ndio unaoufanya moyo upige, na hapo alama hupotea.

Chanzo cha umeme huo ni nodi ya sinoatria, kifundo kidogo cha seli kwenye ukuta wa auriko ya kulia, kilichoelezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Mtu mzima akiwa amepumzika, kifundo hicho hutoa misukumo 60 hadi 100 kwa dakika. Kila msukumo husambaa kwenye auriko zote mbili, nazo husinyaa. Kisha hufika nodi ya atrioventrika, ambako hucheleweshwa kwa takriban sekunde 0.1. Usiupite haraka ucheleweshaji huu: ndio unaozipa auriko nafasi ya kumalizia kumimina damu kwenye ventriko kabla ventriko hazijasinyaa. Baadaye msukumo hushuka kwa fungu la His na nyuzi za Purkinje hadi ncha ya moyo. Ndiyo maana ventriko husinyaa kutoka chini kwenda juu, zikiisukuma damu kuelekea kwenye ateri.

Kipimo cha ECG huchora safari hiyo: wimbi P ni la auriko, QRS ni la ventriko, na T huonyesha ventriko zikirudi katika hali ya kupumzika.

Mapigo ya kasi si lazima yawe ugonjwa. Mwanafunzi wa Nkuhungu aliyekimbilia daladala akihesabu mapigo 30 kwa sekunde 15, moyo wake unapiga mara 120 kwa dakika, lakini nodi ya sinoatria bado ndiyo inayoongoza. Kasoro huanza uongozi huo unapovurugika au njia ya umeme inapokatika.

Mfano unaotuhusu sana Afrika Mashariki huanzia kooni. Maambukizi ya bakteria aina ya streptokokasi yasiyotibiwa yanaweza kumletea mtoto homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo, hasa ile ya upande wa kushoto kati ya auriko na ventriko. Vali ikiwa nyembamba, damu hurundikana, auriko hutanuka, na umeme wake huvurugika. Auriko hutetemeka badala ya kusinyaa. Damu iliyotuama humo huweza kuganda, na bonge likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Kumbe kidonda cha koo cha mtoto si cha kuachiwa maji ya chumvi peke yake, apelekwe zahanati.

Ventriko zikitetemeka namna hiyo, hali ni mbaya zaidi: damu haitoki kabisa, na mtu hufa ndani ya dakika chache asipokandamizwa kifua na kupigwa shoti ya umeme kwa mashine. Msukumo usipovuka kwenda kwenye ventriko, mapigo huwa machache mno, na mgonjwa huweza kuzirai. Huyu huwekewa betri ya moyo, huduma inayotolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Jipime: Moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Pigo moja huchukua muda gani? (Jibu: sekunde 60 ÷ 75 = 0.8.) Kwa nini mapigo 200 kwa dakika huweza kupunguza damu inayotoka, badala ya kuiongeza? Anza na muda wa ventriko kujaa.