Mpiga Kura Asiye na Chama Katika Nchi ya Vyama Viwili

Kila baada ya miaka minne Wamarekani huchagua Rais, na uchaguzi huo ufikapo mazungumzo yake hayabaki kwao. Huvuka bahari yakaingia mabarazani mwetu, na vijana wetu hushika upande kwa ukali kama washikavyo timu za mpira: huyu ni wa Democratic, yule ni wa Republican. Leo hatutaki kuwatetea hawa wala hao. Twataka kueleza habari za mtu wa tatu, ambaye hatajwi sana, naye ni yule Mmarekani ambaye aulizwapo chama chake hujibu kuwa hana.

Mtu huyu si mmoja wala si elfu. Mwaka 2023 shirika la Gallup, lijulikanalo kwa kupima maoni ya wananchi huko, lilikuta kuwa Wamarekani 43 katika kila 100 wajiita watu wasio na chama, na kila kimoja katika vile vyama viwili kilipata 27 tu. Msomaji akisikia hesabu hii atadhani kuwa serikali ya nchi ile imo mikononi mwa wasio na chama. Kumbe sivyo hata kidogo. Tangu mwaka 1853 hajaketi katika Ikulu ya Washington Rais asiyetoka katika chama kimojawapo cha hivyo viwili. Na katika Seneti yenye watu 100, baada ya uchaguzi wa mwaka 2024 walikuwamo wawili tu wasio na chama, Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine, na wote wawili huungana na watu wa Democratic. Imekuwaje basi kundi lililo kubwa kuliko yote kwa hesabu likawa dogo kuliko yote kwa nguvu?

Jambo la kwanza, tusidanganyike na jina. Wengi wajiitao wasio na chama, wakiulizwa mara ya pili, hukiri kuwa wanaelekea upande mmoja, na aghalabu hupiga kura upande huo huo mwaka hata mwaka. Hao ni watu wa chama waonao haya kuvaa nguo yake. Aliye huru kwa kweli, ambaye aweza kumpa huyu leo na yule kesho kwa sababu aijuayo mwenyewe, ni mchache zaidi. Huyo ndiye tumkusudiaye.

Wala haikuwa nia ya waasisi wa dola ile kuwa na hali hii. George Washington, Rais wao wa kwanza, hakuwa na chama, na katika waraka wake wa kuagana na wananchi, uliotolewa mwezi wa Septemba 1796, aliwaonya sana juu ya moyo wa uchama na fitina zake. Onyo lilisifiwa na halikufuatwa. Kwani katiba ile ile aliyoisimamia yeye ndiyo iliyoweka njia ya kumchagua Rais ambayo, pamoja na kanuni walizozizidisha wakubwa wa majimbo baadaye, imemfungia mlango mtu wa tatu.

Njia yenyewe ni hii. Wamarekani hawamchagui Rais wao kwa kuhesabu kura za nchi nzima. Kila jimbo limepewa wajumbe wake wa uchaguzi, na wajumbe wote ni 538; apataye 270 ndiye Rais. Katika majimbo 48, aliyetangulia kwa kura, ijapokuwa kwa kura moja, huchukua wajumbe wote wa jimbo, na aliyefuata haambulii kitu. Maine na Nebraska peke yao hugawa kwa namna nyingine. Ndiyo maana mwaka 2000, na tena mwaka 2016, aliyepata kura nyingi za wananchi alishindwa, na aliyepata chache akawa Rais.

Tazameni sasa kanuni hii imfanyavyo mtu asiye wa vyama vikubwa. Mwaka 1992 alisimama Ross Perot, tajiri wa Texas, bila ya chama, akazungumza katika televisheni juu ya deni la serikali huku ameshika karatasi za hesabu kama mwalimu wa skuli. Watu karibu milioni 20 walimpa kura zao, yaani 19 katika kila 100. Wajumbe aliopata ni sifuri. Nyuma yake, mwaka 1968, alisimama George Wallace wa Alabama, aliyejulikana kwa kutetea ubaguzi wa weupe na weusi. Yeye alipata kama nusu tu ya kura alizokuja kupata Perot. Walakini kwa kuwa wafuasi wake walirundikana katika sehemu moja, alishinda majimbo matano ya kusini akapata wajumbe 46. Aliyekubaliwa kidogo kila mahali hakupata kitu, na aliyependwa sana mahali pamoja kwa sababu ya chuki yao juu ya jirani zao akapata wajumbe. Sisi twaona aibu ya kanuni ile imo hapa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Ziko na kufuli nyingine. Mtu asiye na chama akitaka jina lake liandikwe katika karatasi za kura hana budi kukusanya sahihi za maelfu kwa maelfu, jimbo baada ya jimbo, kila moja na sharti zake. Tena tangu mwaka 2000 hawezi kusimama pamoja na wenziwe katika majadiliano ya televisheni illa awe amekwisha kuungwa mkono na watu 15 katika kila 100 katika vipimo vya maoni. Perot aliwahi kuingia kabla ya sharti hilo; baada yake hajaingia mtu wa tatu. Robert F. Kennedy, mtoto wa Seneta aliyeuawa mwaka 1968, alijaribu safari hiyo mwaka 2023 bila ya chama. Mwezi wa Agosti 2024 alichoka, akamuunga mkono Donald Trump. Akaomba jina lake liondolewe katika karatasi za Michigan, na hata hilo asikubaliwe. Alihangaika kuingia, kisha akahangaika kutoka!

Hapa ndipo penye swali ambalo huwatenga mume na mke na baba na mwanawe katika nyumba nyingi za Marekani. Je, ni haki kumpa kura mtu umtakaye, nawe wajua kuwa hatashinda, na kwamba kwa kumpa yeye waweza kumfungulia njia yule usiyemtaka kabisa? Mwaka 2000 jambo hili halikuwa la kuwaza tu. Katika Florida, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, na jimbo hilo ndilo lililompa urais. Ralph Nader, wa chama cha Kijani, alikuwa amepata huko kura zaidi ya 97,000. Watu wa Gore hawajamsamehe hata leo.

Rai yetu ni kuwa kura si deni. Wasemao kuwa Nader aliiba kura za Gore wanasema kana kwamba kura zilikuwa za Gore tangu zamani, na mwananchi amewekewa amana tu. Sivyo, mgombea huomba, na anayeomba aweza kunyimwa. Walakini wale wa Nader nao wasiseme kuwa walikuwa wakishuhudia haki tu na yaliyofuata si yao. Apigaye kura katika jimbo ambalo upande mmoja hushinda daima, kama Wyoming au Vermont, aweza kumpa amtakaye na asiharibu kitu; kura yake ni barua ya kuwaonya wakubwa. Apigaye kura Florida au Michigan ana kisu mkononi. Kura ni ile ile, nchi ni ile ile, ila mpaka wa jimbo ndio uliougeuza uzito wake, na mwenye akili hupima kabla ya kuitia sandukuni.

Waislamu wa Marekani wameyaonja haya kuliko wengi. Mwezi wa Oktoba 2000 Bush, katika majadiliano na Gore, alilaumu jinsi Waarabu wa Marekani walivyokuwa wakishtakiwa kwa ushahidi wa siri wasioonyeshwa. Neno lile liliwafurahisha, na baraza lililounganisha jumuiya zao kubwa nne likatangaza kumuunga mkono. Mwaka uliofuata yakatokea mashambulio ya Septemba. Siku chache baadaye Bush aliutembelea msikiti wa Washington, ule ambao Rais Eisenhower alihudhuria kufunguliwa kwake mwaka 1957, akawakataza watu kuwadhuru Waislamu. Hilo lilikuwa jambo jema na twapasa kulisema. Lakini mwezi wa Oktoba 2001 alitia sahihi sheria iliyozidisha sana mamlaka ya kupeleleza watu, na mwaka 2003 akaingia vitani Iraki. Waislamu wengi wakahamia Democratic, wakakaa huko hata wakahesabiwa kuwa ni wa nyumbani.

Wazee wetu wana mithali, ijapokuwa ni ya tembo, kuwa mgema akisifiwa hulitia maji. Chama kikisha kuwa na hakika ya kura zako hakina haja ya kukusikiliza. Vita vya Gaza vilipoendelea na serikali ya Joe Biden ikiipelekea Israeli silaha, watu zaidi ya 100,000 katika kura za mchujo za Democratic za Michigan, mwezi wa Februari 2024, waliweka alama mahali palipoandikwa kuwa hawamtaki mgombea yeyote. Onyo hilo halikuigeuza siasa. Mwezi wa Novemba, katika mji wa Dearborn wenye Waarabu wengi, ambao Biden aliushinda vizuri mwaka 2020, Trump alitangulia, Kamala Harris akafuata, na Jill Stein wa chama cha Kijani akapata kiasi cha kura 18 katika kila 100. Trump alilichukua Michigan kwa kura kama 80,000. Wako waliomlaumu Muislamu wa Dearborn kama alivyolaumiwa Nader. Sisi twauliza: ndugu zake mtu wamo chini ya vifusi, naye ameonya miezi minane mbele, je, lawama ni ya nani kwanza? Lakini pia hatuwezi kumficha yeye kuwa ameachana na mmoja bila ya kupata ahadi thabiti kwa mwingine, na hiyo ni biashara ya hasara.

Huenda msomaji akauliza, ikiwa chama si kipimo, mpiga kura aliye huru ampime mgombea kwa nini? Wengi huko hutaja bei ya vyakula, kodi na vita, na hayo ni kweli. Sisi twaongeza kipimo kingine: jinsi mtu asemavyo juu ya wale ambao hawamletei kura. Mwezi wa Oktoba 2008 mwanamke mmoja alisimama katika mkutano wa John McCain akasema kuwa Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, ni Mwarabu. McCain alimkatiza akasema la, huyo ni mtu mwema mwenye jamaa yake. Alifanya uungwana, kwani wafuasi wake mwenyewe walimzomea siku ile. Lakini sikilizeni jawabu lilivyo: kana kwamba Mwarabu hawezi kuwa mtu mwema mwenye jamaa yake! Siku chache baadaye Jenerali Colin Powell, mtu wa Republican aliyekuwa waziri wa Bush, alieleza katika televisheni kuwa Obama ni Mkristo, kisha akauliza: na lau angekuwa Muislamu, kungekuwa na kosa gani? Akakumbusha kaburi la askari kijana Muislamu wa Marekani aliyefia Iraki. Akamuunga mkono Obama, mtu wa chama kingine. Jina la chama Powell alikuwa nalo. Uhuru pia alikuwa nao.

Zimo ishara kuwa kufuli zaweza kulegezwa. Maine, tangu uchaguzi wa mwaka 2020, na Alaska, tangu 2024, huwaacha watu wawapange wagombea urais kwa daraja: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mgombea wako akitolewa kwa uchache wa kura, kura yako humwendea uliyemweka wa pili. Lau Florida ingelikuwa na kanuni hiyo mwaka 2000, ugomvi wa Nader usingalikuwako. Na katika New Hampshire asiye na chama huruhusiwa kuingia mchujo wa upande autakao. Ndivyo McCain alivyomshinda Bush huko mwaka 2000. Katika Florida na New York mlango huo umefungwa, na asiye na chama hungoja nje mpaka wenyewe wamalize kuchagua.

Karatasi ya kura ya Michigan ina mahali juu kabisa ambapo mtu aweza kuweka alama moja kwa chama kimoja, na kura zake zote za vyama zikawa zimekwisha. Ni rahisi, na foleni huwa ndefu. Aliye huru hupapita hapo, akaanza na urais, akampa amtakaye au akapaacha patupu, kisha akashuka jina kwa jina: seneta, mjumbe, mkuu wa wilaya. Chini zaidi huwakuta mahakimu na watu wa halmashauri ya skuli, ambao mbele ya majina yao hapakuandikwa chama chochote, na hapo wapiga kura wengi huwa wamekwisha kuchoka na kuondoka.