Hata Baba Yake Alikuwa Hivi Hivi

Mama anayeniletea kliniki mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hajasema neno, mara nyingi amekuja baada ya mvutano nyumbani. "Mama mkwe alisema nisihangaike," ananiambia. "Anasema hata baba yake alikuwa hivi hivi, akaja kusema ana miaka minne." Nimeisikia kauli hiyo kwa familia nyingi, na siku hizi naiandika kwenye faili kama ilivyo. Ni ushahidi. Bibi amesema kweli nusu, kwamba hali hii hutoka katika damu ya familia, na nusu hiyo wataalamu walichukua miaka mingi kuifikia.

Watoto ninaowazungumzia hapa wana usonji. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1943 na Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, aliyeandika habari za watoto 11. Yeye mwenyewe alisema walizaliwa nayo. Hata hivyo, miaka iliyofuata lawama ziliwaangukia wazazi, hasa akina mama: waliambiwa hawakuwapa watoto wao upendo. Bruno Bettelheim alilieneza wazo hilo kwa kitabu cha mwaka 1967, na wanawake wengi waliumia bure. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa yai moja, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wa mayai mawili, hakuna hata moja. Utafiti wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya milioni mbili kutoka nchi tano, ulikadiria kwamba urithi unachangia takriban asilimia 80. Na mtoto ambaye kaka au dada yake ana usonji, uwezekano wa yeye pia kuwa nao ni karibu 1 kati ya 5.

Kwa hiyo mama hakukosea alipokuwa mjamzito. Hakuna jirani aliyeroga, hakuna jini, na chanjo haihusiki: makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu ya chanjo ya surua ilifutwa na jarida lililoichapisha, mwaka 2010.

Sasa nusu ya pili. Bibi anaposema "atasema tu, msubirini," hapo tunaachana. Urithi hauji kwa kipimo kimoja. Baba alichelewa kusema, akapigwa viboko shuleni kwa kutomtazama mwalimu, akakua, leo ni fundi hodari asiyependa kukaa kwenye kelele za harusi. Mwanawe anaweza kuhitaji picha au ishara ili aeleze kwamba ana kiu. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, wa miezi 18 asiyekuonyesha kitu kwa kidole, au aliyekuwa na maneno yakapotea, asisubiriwe. Aanze kupimwa masikio, kisha aonwe na mtaalamu wa ukuaji wa watoto.

Kwetu kuna jambo linaloficha dalili. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa tunamwita mwenye adabu, basi kutotazama usoni hakumshtui mtu. Kinachoshtua ni shikamoo. Babu anangoja, mama anahimiza, "Sema shikamoo," na mtoto anajibu vilevile, "Sema shikamoo." Ukumbini watu wanacheka, au babu anakasirika kwamba mtoto hakufunzwa. Kumbe kurudia maneno aliyoyasikia ndiyo njia yake ya kuingia katika lugha. Nawaomba wazee wafanye kitu kidogo: mtoto akigusa mkono tu, au akipunga, mwitikieni "marahaba" kwa sauti ya upole. Mtoto amesalimia. Neno litafuata likiwa tayari, na lisipokuja, salamu imeshapokelewa.

Bibi ana mengi ya kutufundisha. Namuuliza, "Mama, huyu baba yake alipokuwa analia bila kunyamaza, ulikuwa unamfanyaje?" Wapo wanaosema walimfunga khanga kwa kumbana mgongoni, wakatembea naye. Wapo waliompa ungo achambue mchele, akatulia saa nzima. Mambo hayo hayana maandishi popote, nasi mara nyingi tunaanzia hapohapo: kubanwa kunakotuliza mwili, kazi ya mikono yenye mpangilio. Bibi anayeulizwa hivyo hukoma kuwa mpinzani wa kliniki. Tena mwanamume aliyekaa kimya mlangoni anaposikia utoto wake ukisimuliwa, ndipo anapoanza kujielewa mwenyewe.

Msisitizo wangu mkubwa ni kwamba nyumba nzima itumie njia moja. Mama akionyesha picha ya kikombe na dada wa kazi akisema "nyamaza," mtoto hajui amfuate nani. Semeni maneno yaleyale kabla ya kubadilisha shughuli: "Tukimaliza kula, tunaoga." Anapozidiwa na kelele, mtoeni pale, msimchape. Wala msikubali kuambiwa mwache Kisambaa au Kichaga ili asichanganyikiwe. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji, na ukiiondoa lugha ya bibi umemwondoa bibi mwenyewe.

Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na anayeiuza anawaibia. Kifafa au kukosa usingizi vikiambatana nao, hivyo vinatibika.

Basi siku ya kliniki, mama, usije peke yako na mtoto. Njoo na baba yake. Na bibi, hata kama anatembelea mkongojo, mpe kiti cha mbele kwenye gari, aje atusimulie.